Dane Cook na filamu iliyomfunga mdomo

Mwaka 2006 Marekani ilikuwa na wachekeshaji wengi wakubwa, lakini wa kujaza viwanja vya michezo kwa kusimama peke yake na maiki alikuwa Dane Cook. Novemba ya mwaka huo aliujaza Madison Square Garden wa New York mara mbili kwa usiku mmoja. Mwaka mmoja kabla, albamu yake ya Retaliation ilikuwa imeingia namba 4 kwenye chati ya Billboard 200, chati ileile wanayoigombania wanamuziki, na hakuna albamu ya vichekesho iliyokuwa imepanda juu namna hiyo tangu enzi za mchekeshaji Steve Martin mwishoni mwa miaka ya 1970. Na hakuna kituo cha televisheni kilichompa umati huo kwenye sinia. Alitoa akiba yake mwenyewe kujenga tovuti, akafungua ukurasa kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace wakati wenzake wengi hawajaona maana yake, akakusanya marafiki zaidi ya milioni moja, na usiku akishatoka jukwaani akawa anakaa kuwajibu.

Septemba 2007 ikatoka Good Luck Chuck, yeye akiwa steringi, pembeni yake Jessica Alba. Ile filamu ina sura yake, ina mabega yake, ina nywele zake zilizochokonolewa vizuri. Yeye mwenyewe hayumo.

Wengi wameshaiponda na kuiacha hapo. Wakosoaji wa Marekani waliipiga karibu wote kwa pamoja. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, alama zake hazifiki hata asilimia 10. Lakini maandishi mengi niliyosoma yanaishia kwenye hukumu nyepesi, kwamba Cook hakuwa na kipaji na filamu imemuumbua. Hukumu hiyo siikubali, na ndiyo inayonifanya niandike. Mimi stendapu naipenda kuliko aina nyingine yoyote ya burudani. Mtu mmoja, maiki moja, taa moja, na watu waliolipa wakisubiri awape sababu ya kucheka. Hana mavazi ya kujifichia wala muziki wa kumbeba pale anapopwaya. Anayeweza kufanya hivyo mbele ya watu elfu kumi na kitu ana kitu mkononi. Ninachotaka kujua ni namna gani filamu inaweza kumchukua mtu wa aina hiyo na kukipoteza kitu hicho chote ndani ya saa moja na nusu.

Tuanze na hicho kitu chenyewe. Kuna onyesho lake la Vicious Circle, lililorekodiwa mwaka 2006 kwao Massachusetts, kwenye uwanja wa Boston ambao wakati huo uliitwa TD Banknorth Garden, na likarushwa na kituo cha televisheni cha HBO. Jukwaa liko katikati ya uwanja, ni la duara, na watu wamekaa pande zote. Mchekeshaji kwa kawaida ana ukuta nyuma yake. Ukuta ule ni msaada mkubwa: macho yote yako mbele, anajua akitazama wapi anawapata wote. Cook hana ukuta. Akiwageukia hawa, anawapa mgongo wale. Kwa hiyo hatulii. Anazunguka, anachuchumaa, anarusha mguu, anaruka upande wa pili kumalizia sentensi aliyoianzia upande huu, na sentensi haikatiki. Ukimtazama bila sauti utadhani ni mwanamasumbwi anayejipasha moto.

Ukiweka sauti ndipo unapoona kazi. Hadithi zake ukiziandika kwenye karatasi hazina kitu. Ana kile kichekesho chake kinachojulikana sana, cha alipokuwa kijana akifanya kazi Burger King, kwenye dirisha la wateja wanaoagiza chakula bila kushuka kwenye gari. Hakuna kisa kikubwa pale. Kuna spika inayokoroma, mfanyakazi aliyechoka na mteja asiyejua anataka nini. Lakini Cook anakuwa spika, anakuwa mfanyakazi, anakuwa gari. Kingine ni cha wapenzi wanaogombana bila sababu yoyote. Yeye anakuwa wote wawili, na ugomvi unapanda ngazi kwa ngazi mpaka hakuna anayekumbuka ulianzia wapi. Watu wanacheka kabla hajafika mwisho wa sentensi, naye anawasubirisha. Anaivuta ile pumzi, anarudia neno, analipindua, analiachia pale anapotaka yeye. Mali ya mchekeshaji wa jukwaani ni hiyo zaidi ya kitu kingine chochote: yeye ndiye anayeamua kicheko kije saa ngapi. Maneno anaweza kuandikiwa na mwingine, lakini saa ni yake.

Sasa Good Luck Chuck. Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1985 watoto wako kwenye sherehe, wanacheza mchezo wa kuzungusha chupa. Charlie anakataa kumbusu msichana mmoja mwenye nguo nyeusi na macho ya kutisha, na msichana anamlaani: kila mwanamke utakayempata, ukishaachana naye atampata mume wake wa kweli kwa mwanamume atakayefuata. Charlie anakua, anakuwa daktari wa meno. Siku moja kwenye harusi ya mpenzi wake wa zamani, bibi harusi anasimama kumshukuru kama hirizi ya bahati. Habari inasambaa, wanawake wanaotaka kuolewa wanafurika kliniki kwake. Hapohapo amekutana na Cam, anayeigizwa na Alba, mtaalamu wa pengwini asiyeweza kupita mahali bila kujikwaa. Charlie anampenda na anaogopa kumgusa, kwa sababu akilala naye atampoteza.

Kusema kweli, si wazo baya. Hata hapa kwetu, ukimsimulia mtu kijiweni, laana ya namna hiyo inaeleweka mara moja, na ina mtego wa haki ndani yake: mwanamume anayempenda mtu ambaye hawezi kumkaribia. Mtunzi wa hadithi za zamani angeitengenezea usiku mzima wa kusikiliza.

Tatizo linaanza pale filamu inapogawa kazi. Filamu za mapenzi za kuchekesha za Hollywood zina mpangilio ambao mtazamaji yeyote anaujua hata kama hajawahi kuutaja. Wanakutana kwa kugongana. Kuna siri. Siri inafichuka, wanaachana. Mmoja anakimbia kwenda uwanja wa ndege. Na ndani ya mpangilio huo kila mtu ana kazi yake. Steringi anatakiwa awe mtu wa kawaida, mwenye sura nzuri, ambaye mambo ya ajabu yanampata. Yeye anashangaa kwa niaba yetu. Vichekesho vinapewa rafiki yake. Rafiki ni mnene kidogo, ni mchafu wa maneno, hana aibu, na mwisho wa filamu anapata mwanamke wa kumtuliza. Kwenye Good Luck Chuck rafiki huyo ni Stu, daktari wa upasuaji wa urembo, anayeigizwa na Dan Fogler, na karibu kila mstari uliokusudiwa kuchekesha umewekwa kinywani mwake.

Kwa hiyo wamemchukua mchekeshaji aliyejaza Madison Square Garden, wakamkalisha kitini, wakamwambia amsikilize mtu mwingine akichekesha.

Tazama matukio ya Charlie na Stu wakiwa pamoja. Stu anaropoka, kamera inarudi kwa Cook, Cook anatikisa kichwa au anakunja uso. Anaropoka tena, kamera inarudi, Cook anaangalia pembeni. Hii ndiyo kazi yake kwa sehemu kubwa ya filamu: kupokea. Kuna waigizaji wenye kipaji cha kupokea, ambao uso wao ukiwa kimya unachekesha kuliko maneno ya mwenzao. Cook si wa aina hiyo na hajawahi kudai kuwa hivyo. Uso wake jukwaani unachekesha kwa sababu unakwenda na maneno, unayatangulia, unayafukuza. Ukiyaondoa maneno unabaki uso wa kijana mzuri anayesubiri zamu yake, na zamu haiji.

Sehemu inayonionyesha hili waziwazi ni pale Charlie anapokubali kuwapokea wale wanawake wote. Ndicho kilele cha wazo la filamu. Hapo ndipo mchekeshaji angepewa nafasi: mtu mmoja, wanawake chungu nzima, kila mmoja na hadithi yake ya kwa nini anahitaji mume haraka. Hebu fikiria Cook akiisimulia hiyo kwenye duara la Boston, akiwa yeye, akiwa wao, akiwa kitanda. Filamu inafanya nini? Inagawa skrini vipande vipande, inapandisha muziki, inawapitisha wanawake mmoja baada ya mwingine katika mikao mbalimbali, na Cook hasemi neno. Mwongozaji, Mark Helfrich, alikuwa mhariri wa filamu kwa miaka mingi, pamoja na zile za Rush Hour, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza. Alitatua kilele cha filamu yake kwa mkasi. Ni mkasi wa fundi, siukatai ufundi wake. Lakini saa ya kicheko, ile mali pekee ya Cook, ilihamia kwenye chumba cha uhariri, na huko Cook hakuwepo.

Kuna tukio jingine ambalo silipitii haraka. Charlie anataka kuhakikisha kama laana ni ya kweli, kwa hiyo anatafutwa mwanamke ambaye filamu inamwona hawezekani kuolewa na mtu yeyote, na mwanamke huyo amefanywa mnene sana, mwenye ngozi mbovu, mlafi, mchafu wa meza. Anatumika kama kipimo cha maabara. Kamera inamtazama kwa kinyaa na inatutaka tucheke nayo. Mimi nakasirika kila ninapolifikia tukio hilo, na hasira yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa ajili ya mwanamke yule, na haihitaji maelezo. Ya pili ni kwa ajili ya Cook. Vichekesho vyake bora ni vile ambavyo mwenye aibu ni yeye: yeye aliyeajiriwa kazi ndogo, yeye aliyeshindwa kwenye ugomvi, yeye aliyesema neno baya mbele za watu. Umati ulimpenda kwa sababu alijiweka chini yao kisha akawapandisha wote pamoja. Filamu ikamsimamisha juu ya mtu dhaifu na kumwambia amcheke. Ukimwangalia vizuri pale, hata yeye hana raha, macho yanakwepa.

Upande wa fedha haikuanguka vibaya. Wikiendi ya kwanza ilishika nafasi ya pili Marekani, nyuma ya Resident Evil: Extinction, na mwishowe ikaingiza kama dola milioni 59 duniani kote. Kwa studio ya Lionsgate hiyo ilitosha kumpa nyingine mwaka uliofuata. Jessica Alba naye alitajwa kwenye tuzo za Razzie, zile za waliofanya vibaya, na hilo naliona ni uonevu. Alba anajikwaa, anavunjika jino, anagongwa kichwa, anafanya yote aliyoambiwa kwa bidii. Hakuandikiwa mtu wa kuigiza, kaandikiwa mwanamke mrembo anayeanguka.

Huku kwetu filamu hizi zilifika kwa njia yake. Anayekumbuka CD za miaka ile, zile zenye filamu nyingi kwenye sahani moja na jalada lililosongamana nyuso, anajua ninachozungumzia. Mtu anauliza kama kuna picha za mapenzi, muuzaji wa Kariakoo anachomoa moja, na ndani yake Good Luck Chuck imekaa katikati ya nyingine za namna hiyohiyo, na tafsiri ya maandishi chini ambayo haikuwa na uhusiano na kinachosemwa. Albamu za stendapu hazikuletwa. Vicious Circle haikuletwa. Kwa hiyo kwa watazamaji wengi wa Dar es Salaam au Mombasa, Dane Cook alikuwa ni yule jamaa aliyekaa na Jessica Alba kwenye jalada, basi. Alikuja kwetu bila jukwaa lake.

Na hakuwa peke yake. Eddie Murphy, Martin Lawrence, Chris Rock, tumewajua kwenye vibanda umiza kama mastaa wa sinema, na ni wachache waliojua kwamba kila mmoja wao alianza na maiki. Lakini tazama tofauti. Mwaka 1988 Murphy alitoa Coming to America, na mifupa ya filamu ile ni ya mapenzi ya kawaida kabisa: mtoto wa mfalme anakwenda nchi ya mbali kutafuta mke atakayempenda yeye na si mali yake. Siri inafichuka, binti anakasirika, harusi mwishoni. Ni mpangilio uleule. Murphy kama Akeem ni mpole, ana adabu, anasikiliza, yaani ni steringi wa kawaida kama Charlie. Ila ndani ya filamu wamemwachia kinyozi. Kwenye kile kibanda cha kunyolea cha Queens, Murphy ni kinyozi mzee na vilevile ni mzee wa Kiyahudi anayebishana naye, Arsenio Hall akiwa kinyozi mwingine pembeni, na pale hadithi inasimama kabisa. Hakuna linalosonga mbele. Wazee wanabishana kuhusu ndondi. Mtunzi wa mpangilio angesema tukio hilo likatwe. Halikukatwa, na ndilo watu wanalolirudia mpaka leo. Mule ndani ya kibanda Murphy amerudishiwa saa yake. Mapenzi ya Akeem yanaweza kwenda polepole na kwa upole kwa sababu mchekeshaji ameshapata mahali pa kupumulia.

Ndiyo maana siwezi kuilaumu fomula yenyewe. Watu wanapenda kujua kwamba hawa wawili watafika, na hakuna ubaya kupenda hivyo. Tarabu na hadithi za bibi zetu nazo tulijua zinakwenda wapi. Mchekeshaji Amy Schumer mwaka 2015 aliiandika Trainwreck mwenyewe, kisha akaigiza, na mpangilio ulikuwa uleule mpaka kwenye ishara kubwa ya mapenzi mwishoni, lakini kila aliposema neno ulisikia ni lake. Mchekeshaji mwingine, Kumail Nanjiani, na mkewe Emily V. Gordon waliiandika The Big Sick, iliyotoka 2017, kutokana na mapenzi yao wenyewe na ugonjwa uliomlaza Emily hospitalini, na humo Nanjiani anaonekana hata akiwa jukwaani akishindwa kuchekesha. Cook kwa Good Luck Chuck hakuandika. Mswada ulikuwa wa Josh Stolberg, ukitokana na hadithi fupi ya Steve Glenn, na ungeweza kuigizwa na kijana yeyote mwenye meno mazuri.

Naongeza kitu kimoja kuhusu wasimuliaji wetu wa filamu, wale wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya picha za nje. Ukimsikiliza msimuliaji mzuri utagundua hafanyi tafsiri. Steringi akikaa kimya dirishani, yeye anampa mawazo. Wapenzi wakitazamana, anawagombanisha kidogo kabla hawajabusiana. Anaingiza bei ya nyanya, anamtaja mwenye nyumba anayedai kodi, anamtania mtazamaji wa kiti cha mbele. Bila kumjua Dane Cook, watu hawa walikuwa wanazifanyia filamu za Hollywood kile ambacho Cook angefanya kama wangemruhusu: kuongea juu ya mpangilio, kuuchelewesha, kuuharakisha, kuukamata mahali ambapo mwandishi hakuona kitu.

Mwezi mmoja tu baada ya Good Luck Chuck, Oktoba 2007, ikatoka Dan in Real Life ya Peter Hedges, na hii ningependa kila aliyemkatia tamaa Cook aitazame. Steve Carell ni Dan, mjane mwenye binti watatu, anayekwenda na familia kubwa kwenye nyumba ya wazazi wake Rhode Island. Asubuhi moja kwenye duka la vitabu anakutana na mwanamke, Juliette Binoche, moyo unamwenda. Anarudi nyumbani kumbe mwanamke huyo ndiye mpenzi mpya wa mdogo wake, Mitch. Mitch ni Dane Cook.

Mitch ni mwalimu wa mazoezi ya viungo, anaongea sana, anakumbatia kila mtu, anapenda kwa sauti. Hedges hakumnyamazisha Cook, alimzungushia familia. Ule mwendo wa jukwaani, mikono inayorushwa, sauti inayopanda, vyote vipo, ila sasa vina kazi: Mitch ni kijana ambaye hajawahi kuwa na jambo zito maishani na sasa anadhani amelipata. Kuna usiku wa maonyesho ya familia, kila mmoja anatoa kipaji chake. Ndugu wawili wanasimama mbele, Dan ana gitaa, wanaimba wimbo wa Pete Townshend, Let My Love Open the Door. Mitch anauimba kwa furaha ya mtu anayemwimbia mpenzi wake. Kisha Dan anaichukua sauti, na wimbo unageuka. Anamwimbia mwanamke yuleyule, kwa uchungu, mbele ya wote. Mtazame Cook pale. Amesimama bega kwa bega na kaka yake, anatabasamu, anajivunia, hajui. Hana mstari wa kuchekesha na hauhitaji. Naye baadaye, alipokuja kuujua ukweli kwenye ukumbi wa bolingi, akampiga kaka yake ngumi, nikamwamini.

Ni mwigizaji yuleyule, mwaka uleule, na hapa pia ni filamu ya mapenzi ya kuchekesha yenye siri na kufichuka na kuachana. Anayesema Cook hakuweza kuigiza aeleze hilo.

Mwanzoni mwa 2008, wakati watu wameshaanza kumtaja kama mtu aliyekwisha, Cook alipanda jukwaa la Laugh Factory, klabu ndogo ya Hollywood, akakaa juu kwa saa saba mfululizo. Ilikuwa rekodi ya klabu ile. Kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa mchekeshaji Dave Chappelle, aliyekaa zaidi ya saa sita. Saa saba hazitokani na maandishi. Maandishi yanakwisha mapema, na kinachobaki ni wewe na watu, ukitafuta cha kusema kinachofuata. Kabla ya usiku ule alikuwa ameshawazika wazazi wake wote wawili, waliofariki kwa saratani mmoja baada ya mwingine, ndani ya muda usiofika mwaka, na baadaye, kwenye onyesho la ISolated INcident la 2009, alilolirekodi palepale Laugh Factory mbele ya watu wachache badala ya uwanja mzima, aliwazungumzia. Ni onyesho lisilo sawasawa, lina sehemu zinazolegea, lakini mtu yumo ndani.

Studio yenyewe ya Lionsgate ilikuwa imemwandalia filamu nyingine, My Best Friend's Girl, ya Septemba 2008, pamoja na Kate Hudson na Jason Biggs. Safari hii walimpa mdomo. Anaigiza Tank, anayelipwa na wanaume walioachwa awatoe wapenzi wao wa zamani kwa mlo wa usiku na kuwatendea vibaya kiasi kwamba watakimbilia walikotoka. Dakika za mwanzo nilidhani wameelewa. Lakini mpangilio unadai Tank atulizwe, aombe msamaha, apendeke, na kila anavyopendeka ndivyo anavyopungua, mpaka nusu ya pili ni Charlie tena mwenye jina jingine. Hata bango la filamu Cook mwenyewe alilishambulia hadharani kwenye ukurasa wake wa MySpace, akilalamikia jinsi walivyozitengeneza sura kwa kompyuta. Niliyasoma malalamiko yale kama ya mtu aliyejiona kwenye ukuta na asijitambue.

Kisha kuna dakika chache za mwaka 2011 ambazo kwangu zinazidi filamu zake zote za mapenzi. Kwa miaka kadhaa Cook alikuwa ametuhumiwa kuchukua vichekesho vya mchekeshaji mwenzake, Louis C.K. Mwaka huo alikubali kuingia kwenye tamthilia ya Louie, ya C.K. mwenyewe, akijiigiza yeye mwenyewe. Louie anamfuata nyuma ya jukwaa, anahitaji tiketi za Lady Gaga kwa ajili ya binti yake, na Cook ana watu wa kumpatia. Wamekaa chumbani, wawili tu, na lile jambo linawekwa mezani. Cook anazungumza kwa sauti ya chini, kwa hasira iliyokaa muda mrefu, kuhusu jinsi kilele cha maisha yake, ile albamu, ile miezi ya kufurahia, kilivyoharibiwa na tuhuma. Hachezi na mikono. Anasubiri kabla ya kujibu. Anamwacha mwenzake akae na neno lake kabla hajaongeza la pili. Ndiyo saa ileile ya jukwaani, ameigeuza kuwa kitu kingine, na wakati huo nikawaza ni filamu gani ingetengenezwa mwaka 2007 kama mtu mmoja pale studio angekuwa ameliona hilo.

Kwa hiyo anayemjua Cook kwa jalada la CD tu, namshauri aanze na Vicious Circle, yote, bila kuruka. Halafu Dan in Real Life. Halafu kile kipindi cha Louie. Good Luck Chuck nayo aitazame baada ya hapo, na kila kamera inapomrudia Cook akimsikiliza Stu, aangalie mdomo wake: unafunguka kidogo, kama mtu aliye na la kusema, kisha picha inakatwa.